Kupunguza Maumivu ya Sindano za Dialisi

Sindano ya dialisi ya geji 16 ina unene wa milimita 1.6 hivi, kwa kuwa hupitisha damu karibu mililita 300 kila dakika. Kila kikao huhitaji mbili: moja ya kupeleka damu kwenye mashine, nyingine ya kuirudisha mwilini. Mwenye vikao vitatu kwa juma huchomwa mara 312 kwa mwaka, na wapo wanaoikimbia tiba kwa hofu hiyo tu.

Sindano huchomwa kwenye fistula ya mkononi, yaani veni iliyounganishwa na ateri kwa upasuaji, mbinu iliyotangazwa New York mwaka 1966. Ikichomwa kabla haijakomaa, huumiza na kuvilia damu. Muuguzi stadi huipapasa kwanza, huacha dawa ya kusafishia ngozi ikauke, kisha huingiza sindano mdomo wake ukitazama juu, bila kuchokoachokoa.

Kosa linalovutia wengi ni kurudia eneo lilelile. Ngozi hapo hufa ganzi, mgonjwa hufurahi, kumbe ukuta wa mshipa unalegea na kuvimba, na siku moja unaweza kupasuka. Ni heri kupanda na kushuka urefu wote wa mshipa. Kutumia tundu moja la kudumu, mbinu iliyoanzia Poland miaka ya 1970, hutaka mchomaji yuleyule na pembe ileile kila mara, na huongeza hatari ya maambukizi.

Krimu ya ganzi yenye lidokaini na prilokaini hufanya kazi vizuri, ila huhitaji saa nzima chini ya plasta. Mgonjwa aliyetoka Bunia akapanga chumba Kampala ili atibiwe Hospitali ya Kiruddu aipake kabla ya kupanda boda. Akiipaka akishafika kitanda cha hospitali, sindano itaiwahi. Akifika, aifute na aoshe mkono kwa sabuni. Asiye na krimu asugue barafu kati ya kidole gumba na cha shahada cha mkono wa pili kwa dakika kumi kabla ya kuchomwa. Utafiti wa India umeonyesha maumivu hupungua, na gharama yake ni ndogo mno.

Maumivu yanayoanza mashine ikiwa tayari inazunguka hayapaswi kuvumiliwa. Mkono ukivimba penye sindano, huenda imetoboa mshipa hadi upande wa pili, na pampu isimamishwe mara moja. Vidole vikipoa na kuuma, daktari aitwe: huenda fistula inavinyima damu.