Kisu cha Mfukoni: Je, Kinalinda?

Msimu wa baridi hapa Uingereza giza huingia saa kumi jioni, watoto wangali njiani kutoka shule. Kijana mwenye hofu huweza kujiambia: "Nitabeba kisu kidogo, cha kujilinda tu." Neno hilo "kujilinda" ndilo linaloweza kumponza.

Sheria inasemaje?

Katika England na Wales, sheria ya mwaka 1988 inaruhusu kubeba hadharani kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3 (sentimita 7.62) bila kutoa sababu. Lakini kikiwa na kifungio cha kulishikilia bapa lisikunjike, ruhusa hiyo haipo. Visu vingine vyahitaji sababu nzuri, kama kazi, dini au vazi la kitaifa. Sababu hiyo ya vazi ndiyo anayoweza kuitegemea mzee wetu wa Kiomani anayevaa jambia harusini.

Sheria ya mwaka 1953 inaangalia nia. Kitu chochote ukikibeba kwa nia ya kumdhuru mtu, ni silaha, hata kiwe kisu cha kumenyea chungwa. Ukimwambia polisi, "Nimekibeba nijilinde," huenda umekwisha kukiri kosa. Kifungo chaweza kufika miaka 4, na mtoto wa miaka 10 anaweza kushtakiwa.

Ukishambuliwa, sheria inakuruhusu kujitetea kwa nguvu za kiasi. Kutoka nyumbani umejiandaa na silaha ni jambo jingine.

Na kwa vitendo?

Kisu kidogo cha kukunja hufunguliwa kwa mikono miwili, na aliyevamiwa hana muda huo. Kisicho na kifungio huweza kujikunja na kukata vidole vya mwenyewe. Ili kimfikie mwenzako, lazima nawe uwe karibu naye, akiweza kukunyang'anya. Wala hakuna mahali salama pa kumchoma mtu: mshipa mkubwa wa paja ukikatika, damu huweza kummaliza kwa dakika chache. Ugomvi wa simu unageuka msiba wa nyumba mbili.

Tufanye nini?

Kijana: toa simu, kimbia, piga kelele, ingia dukani penye watu, kisha piga 999. Ukiwa na hofu usiyoweza kuisema nyumbani, Childline ni 0800 1111, bila malipo.

Mzazi: ukikuta kisu kwenye mkoba, uliza kwanza, "Mwanangu, unamwogopa nani?" Wahenga walisema, mtoto akililia wembe mpe. Kwa wembe huu, tusingoje ajifunze kwa kukatwa.

Msamiati wa wiki

*Bapa*: sehemu pana ya chuma ya kisu.
*Makali*: ukingo unaokata.
*Mpini*: sehemu ya kushikia.
*Ala*: mfuko wa kuwekea kisu au jambia.