Kuvu za Mizizini Hukinga Mmea, Hazisafishi Udongo

Kila inapotoka taarifa ya mboga zilizokutwa na metali za risasi au kadmiamu karibu na machimbo, wasomaji huuliza tena kama ni kweli kwamba unga wa kuvu unaouzwa kwa wakulima husafisha udongo. Hausafishi. Metali ni elementi, na hakuna kiumbe kinachoweza kuiozesha ikawa kitu kingine. Kuvu hubadili tu mahali ilipo na namna ilivyoshikiliwa.

Kuvu zinazohusika ni za mikoriza, yaani zile zinazoishi kwa ushirika na mizizi, ushirika wenye umri wa zaidi ya miaka milioni 400. Mmea huzipa sukari na mafuta, nazo hupenyeza nyuzi zenye unene wa mikromita chache tu, yaani sehemu chache za elfu za milimita, katika vitundu vya udongo ambavyo mzizi hauvifikii, kisha huuletea mmea fosforasi. Kwa kuwa ioni za metali zina chaji chanya, nyingi hunaswa na chaji hasi zilizomo katika ukuta wa uzi kabla hazijaufikia mzizi. Zinazopenya hufungwa na metalothioneini, ambazo ni protini ndogo zenye salfa nyingi, au husukumwa ndani ya vakuoli, vifuko vya seli ambamo kuvu huweka akiba ya fosfeti kwa minyororo mirefu, na minyororo hiyo huzishika. Hivyo ghala la chakula cha mmea huwa pia gereza la metali. Zaidi ya hayo, mmea ulioshiba fosforasi hunenepa, na metali ile ile ikitawanyika katika majani mengi, kipimo chake kwa kila kilo hushuka ingawa jumla yake haikupungua.

Hata hivyo, majaribio ya kadmiamu yameonyesha majani yakipungukiwa nayo mara nyingine na kuongezewa mara nyingine, kutegemea aina ya kuvu, mmea na asidi ya udongo, kwa hiyo anayeuza pakiti moja kwa kila shamba anadanganya.

Udanganyifu huo huonekana wazi katika jiji la Lubumbashi, Kongo, ambako kiwanda cha kuyeyusha shaba kilichoanza kazi mwaka 1911 kimeacha shaba, kobalti, kadmiamu, risasi na aseniki katika udongo wa mitaa jirani. Mboga zinazolimwa sana huko ni za jamii ya kabichi, ambayo kwa kawaida haifungi ushirika wa mikoriza kabisa, na mchicha, unaoitwa huko lengalenga, ambao huufunga kwa shida au haufungi. Kumuuzia mkulima wa mboga hizo unga wa kuvu ni kumwibia.

Yapo pia madai yasiyokoma kwamba jani la kijani kibichi halina sumu, kwamba kuchemsha huondoa risasi, na kwamba maziwa huitoa mwilini. Mmea unaweza kustawi ukiwa umebeba kadmiamu, moto hauharibu metali, na risasi iliyokwisha kuingia mifupani hukaa humo miaka mingi.

Udongo upimwe, chokaa iwekwe penye asidi, matuta yajazwe udongo safi, nyanya zipendelewe kuliko mboga za majani, majani yaoshwe vumbi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, kwa hiyo mtoto anayekulia jirani na mabaki ya machimbo apelekwe hospitali akapimwe damu, asinyweshwe maziwa kama dawa.