Mvua Isiyozuiwa na Malango ya Thames

Tangu mwaka 1982 jiji la London limekingwa dhidi ya mafuriko ya bahari na malango makubwa ya chuma yaliyojengwa katika mto Thames, eneo la Woolwich, kufuatia gharika ya mwaka 1953 iliyoua watu 307 katika pwani ya mashariki ya Uingereza. Malango hayo, hata hivyo, hayaifai kitu kaya inayovamiwa na mvua kubwa ambayo, kwa kuwa ardhi imefunikwa kwa lami na saruji, hukosa pa kuzama.

Mwezi Julai 2021 mvua ya aina hiyo ilinyesha mara mbili, tarehe 12 na tarehe 25, ikafurika majumbani na kuvuruga huduma katika hospitali za Whipps Cross na Newham. Chanzo kimojawapo ni cha karne ya 19, kwani mfumo uliojengwa wakati huo na mhandisi Joseph Bazalgette hupitisha maji ya mvua na majitaka katika bomba moja, na bomba likizidiwa, uchafu hurudi nyuma na kufumka chooni na kwenye matundu ya sakafu katika nyumba zilizo chini ya usawa wa barabara. Kwa hiyo anayeishi katika nyumba ya namna hiyo hapaswi kulala humo usiku wa tahadhari ya mafuriko, na hati zake za kusafiria na vyeti vya kuzaliwa vya watoto vinafaa kufungwa katika mfuko wa plastiki na kuwekwa juu.

Umeme ukikatika, taarifa hutolewa bila malipo kwa namba 105, lakini simu za mezani za kidijitali huzimika pamoja nao, hivyo betri ya akiba ya simu ya mkononi, tochi na redio ya betri ni vitu vya lazima. Jiko la mkaa lisiwashwe ndani kamwe, kwa sababu hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua haraka pale madirisha yanapofungwa kwa baridi.

Jambo linalopuuzwa mno ni orodha ya wateja wa kipaumbele inayowekwa na kampuni za umeme na maji, ambamo wazee, wenye watoto wachanga, wanaotegemea mashine za oksijeni na hata wasiojua Kiingereza huandikishwa bure, ili wafikiwe mapema huduma inapokatika.