Mkwaju wa Shubiri Moja

Katika maduka ya mbegu, na siku hizi zaidi katika masoko ya intaneti, huuzwa vipaketi vidogo vilivyopambwa kwa picha ya mti mkongwe uliopinda juu ya sahani ya udongo, na chini ya picha pameandikwa kuwa ndani mna mbegu za bonsai. Mgeni wa sanaa hii ya kukuza miti midogo katika vyombo hudhani, wala si ajabu kudhani hivyo, kwamba udogo wa mti ule umo ndani ya mbegu, kama udogo wa sungura ulivyo katika damu ya sungura, na kwamba kazi yake yeye ni kutia maji na kungoja. Dhana hiyo haina asili. Mbegu ya msonobari iliyomo katika kipaketi ni mbegu ya msonobari wa msituni, na lau itapandwa shambani ikaachwa na Mola wake, itarefuka mpaka kukifikia kimo cha mama yake.

Udogo hutoka katika mkono wa mtunzaji. Wachina ndio waliotangulia kulijua hilo, na katika kuta za kaburi la mwanamfalme Zhanghuai, lililojengwa mnamo mwaka 706, wamechorwa watumishi waliochukua sinia zenye mawe na vijiti vilivyo hai. Kisha Wajapani wakaipokea sanaa hiyo, wakaipunguzia mapambo, wakaipa jina la bonsai, ambalo ulimwengu mzima hulitumia leo. Wote hao walifanya kwa mazoea jambo ambalo wanasayansi walikuja kulieleza baadaye sana: kwamba ncha ya juu ya mti hutengeneza homoni iitwayo auksini, ambayo huteremka katika shina na kuyazuia macho ya kando yasichipue, na ncha hiyo ikatwapo kizuizi huondoka, macho yaliyolala yakaamka, mti ukatanda badala ya kupaa. Kadhalika ncha za mizizi hupeleka juu homoni nyingine zinazoamrisha majani na matawi kukua, kwa hiyo mizizi inapokatwa na kubanwa katika chombo, amri hizo hupungua. Wataalamu walipoyachunguza majani ya miti hiyo kwa hadubini walikuta kwamba seli zake zina ukubwa uleule wa seli za mti wa kawaida, ila idadi yake ni ndogo. Mti wa bonsai, basi, ni mti kamili ulioamua, kwa kushurutishwa, kujenga kidogo.

Hapa ndipo anayeanza hukosea njia, kwani akishasikia habari ya kubana na kukata, hukimbilia kuutia mche wake katika sahani ungali na unene wa njiti ya kiberiti, akautunza humo miaka mitano, na mwishowe akawa na mche wa miaka mitano wenye unene wa njiti mbili. Shina hunenepa kwa kazi ya tabaka jembamba la seli lililo chini ya gome, nalo tabaka hilo hulishwa na sukari inayotengenezwa na majani; majani machache, shina jembamba. Ndiyo sababu huko Takamatsu, katika kisiwa cha Shikoku, mahali panapotoka sehemu kubwa ya misonobari ya bonsai ya Japani, mgeni huona misonobari imepandwa kwa safu mashambani kama mazao mengine, ikiachwa kwanza ishibe ardhi ndipo ije kufundishwa adabu ya chungu. Sharti la kwanza la mti mdogo, kwa hakika, ni kuuacha ukue.

Msomaji wa pwani yetu hana haja ya kuagiza msonobari, ambao mbegu zake aghalabu hudai baridi ya kipupwe cha kizungu kabla ya kuota, baridi ambayo atalazimika kuitafuta ndani ya jokofu. Jikoni mwake umo mkwaju. Mti huu una vijani vidogo vilivyopangika kwa jozi, una gome linalopasuka na kuonyesha uzee mapema, unavumilia mkasi, na mafundi wa Indonesia na Uhindi huuthamini sana kwa kazi hii. Achukue kokwa kutoka ukwaju mbivu, azioshe hata unata wote utoke, na azitazame vyema: ngozi yake ni ngumu, ya kahawia, inang'aa kana kwamba imepakwa vanishi, na ngozi hiyo ndiyo kufuli, maana maji hayapenyi upesi. Aisugue kokwa kwa msasa upande mmoja mpaka ndani paonekane weupe, kisha ailaze katika maji usiku kucha. Kukicha ataikuta imevimba. Nyingi huchipua baada ya wiki moja au mbili, na nyingine hufanya ajizi.

Chombo cha kuoteshea kiwe kopo lililotobolewa chini, na udongo wake uwe mchanga mkubwa wa mto uliochanganywa na matofali yaliyopondwa na mboji kidogo, baada ya kuchekechwa vumbi likatupwa, kwa kuwa mizizi huhitaji hewa kama inavyohitaji maji. Mchanga wa baharini usiguswe, una chumvi. Hadhari kubwa ya siku hizo ni ugonjwa wa kinyausi, ambao vimelea vyake hustawi katika udongo uliolowa mno na kuuozesha mche penye usawa wa ardhi, ukaanguka asubuhi ilhali jana ulikuwa wima. Tena mgeni asihofu aonapo vijani vya mkwaju vimefumbana jua lichwapo: hiyo ndiyo tabia yake ya kila usiku, wala si kiu, na wengi wameua miche yao kwa huruma ya maji yasiyohitajika.

Mche ukishatoa majani yake ya kweli, ung'olewe taratibu na mzizi mkuu ukatwe, ili mizizi ya kando itawanyike pande zote. Wajapani huthubutu zaidi, kwani huukata mche mchanga wa msonobari chini kidogo ya majani, wakaitupa mizizi yote, wakachovya kikonyo katika dawa ya kuotesha mizizi, nao mche hutoa duara ya mizizi mipya iliyo sawasawa. Wako walimu wanaowakataza wanafunzi mbegu kwa hoja kwamba umri hautoshi, na wanatoa mfano wa msonobari wa ukoo wa Yamaki, uliotunzwa chunguni tangu mwaka 1625, ukanusurika bomu la Hiroshima mwaka 1945, na mwaka 1976 ukapewa Marekani uwe hidaya. Mimi sikubaliani nao. Mti ulionunuliwa ukubwani huja na mizizi iliyojikunja ambayo hairekebishiki kwa wepesi, ilhali aliyeanza na mbegu huitengeneza nguzo ya mti angali na fursa.

Baada ya hapo mkwaju upandwe ardhini, au katika ndoo pana, miaka mitatu au minne, ukipigwa jua kamili. Shina likishafikia unene wa dole gumba likatwe chini, tawi moja la kando lishike uongozi, nalo baadaye likatwe vivyo hivyo, na kila mkato huacha pindo na unene unaopungua kuelekea juu, mambo mawili yanayomdanganya mtazamaji kwamba anaona mti mkuu wa kale. Sahani huja mwisho, nayo iwekwe nje, barazani au uani, kwa maana sebuleni mkwaju hufa. Na iwapo siku moja utazaa humo, ajiandae kuona kichekesho, kwani ua na tunda havitii amri ya sahani: mti wa shubiri moja utaning'iniza ukwaju wa kimo kilekile cha ukwaju wa sokoni.