Mpingo Urudi Usukuma, Lakini Urudi Wapi?

Kila mwaka mvua za vuli zinapoukaribia Mkoa wa Mwanza, miche hupakiwa katika malori, mashimo huchimbwa, viongozi hushika majembe na picha hupigwa. Ni jambo jema, wala hatuandiki haya kwa kulibeza. Lakini hesabu inayotangazwa ni ya miche iliyopandwa. Hesabu ya miche iliyo hai mwaka wa pili huulizwa na wachache, na wanaoijibu ni wachache zaidi.

Iwapo mche uliokufa ni mjohoro au mkaratusi, hasara yake ni fedha na jasho, na mwakani mbegu zitapatikana tena. Mpingo si hivyo. Huu ni mti wa taifa letu, mti ambao Wamakonde huuchonga vinyago na viwanda vya Ulaya huutengenezea zumari za maokestra. Hukua polepole mno: tangu kuchipua hata kufaa kwa msumeno yaweza kupita miaka 70 na zaidi. Nchini Kenya umekatwa kiasi kwamba biashara yake imekwisha. Tangu Januari 1997 ingekuwa heri, lakini ni Januari 2017 ndipo mkataba wa kimataifa wa CITES ulipoanza kuwataka wanaouuza nje ya nchi wawe na kibali. Anayepanda mpingo leo anawapandia wajukuu. Akikosea mahali, wajukuu ndio watakaogundua kosa, na wakati huo hapatakuwa na nafasi ya kulisahihisha.

Kwa hiyo swali la kwanza si miche mingapi. Swali ni wapi.

Wataalamu wa mimea wana njia ya kulijibu. Huanza na mahali ambapo mti umepata kuonekana, na habari hizo hutolewa katika mimea iliyokaushwa na kutunzwa, kama ile iliyoko Arusha, Nairobi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kila tawi lililobanwa katika karatasi lina maandishi ya mahali lilipokatwa na mwaka. Kisha hutwaa takwimu za mvua, joto, udongo na mwinuko wa nchi. Kompyuta huuliza: mahali hapa ambapo mpingo umeonekana pana sifa gani? Baada ya hapo huigawa nchi yote katika miraba, pengine ya kilometa moja kwa moja, na kuupa kila mraba alama kwa kadiri unavyofanana na makazi yaliyojulikana. Matokeo ni ramani yenye rangi: hapa pazuri, hapa wastani, hapa usijisumbue.

Kwa Mwanza kazi hiyo ina maana ya pekee. Mpingo ni mti wa nchi za chini na za wastani. Juu ya mita 1,300 hivi kutoka usawa wa bahari huanza kuadimika. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134. Maana yake, watu wa huku tunaishi karibu na ukingo wa juu wa nchi yake. Bonde lingeupokea, na kilima kilicho nyuma ya nyumba hiyo hiyo kingeukataa.

Hata hivyo, ramani ya namna hii ina kasoro moja ambayo Usukuma ingeiumiza kuliko sehemu nyingi. Kompyuta haijui shoka. Tukiionyesha miti iliyosimama leo tu, itaona mipingo tele Kilwa, Lindi na Ruvuma, na itaona Usukuma weupe, nayo itahitimisha kwamba mti huu hauipendi nchi yetu. Hitimisho hilo litakuwa uongo. Nchi haikuukataa mti. Mti uliondolewa.

Na uliondolewaje? Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliwaita watu kwa maelfu kufyeka vichaka ili kumfukuza mbung'o, na Shinyanga palikuwa makao ya utafiti wa mdudu huyo. Ng'ombe walipona, nasi hatuwezi kulikana jema hilo. Nyuma ya fyeko ikaja pamba, na pamoja na pamba yakaja mashamba mapana, mifugo mingi na kuni za miji iliyokuwa ikikua. Tena, kwa kuwa ukweli haufichwi, hata Operesheni ya Vijiji ya miaka ya 1974 na 1975, iliyowahamisha watu kutoka maeneo yao ya zamani, iliyaacha malisho mengi yaliyokuwa yakihifadhiwa bila mwenyewe wa kuyalinda.

Ramani za zamani husaidia kiasi. Clement Gillman, mhandisi wa reli aliyeizunguka Tanganyika kwa miaka mingi, alichora ramani ya uoto wa nchi iliyochapishwa mwaka 1949, baada ya kifo chake. Lakini alipoichora, ufyekaji mkubwa wa Usukuma ulikwisha kufanyika. Mwaka 2011 wataalamu wa World Agroforestry ya Nairobi na Chuo Kikuu cha Copenhagen walitoa ramani nyingine ya nchi saba, Tanzania ikiwamo, yenye kuonyesha uoto ambao ungekuwapo kama mkono wa mtu usingaliugusa, pamoja na orodha za miti inayolingana na kila aina ya uoto. Hiyo ni hazina. Afisa misitu wa wilaya asiyeitumia anafanya kazi gizani hali taa iko mezani.

Lakini taa hiyo nayo haimuliki kila pembe. Kwa pembe zilizobaki, majirani zetu wa Shinyanga wana somo.

Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere aliitembelea Shinyanga akaikuta inaelekea kuwa jangwa. Mwaka 1986 ukaanzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI. Mwanzoni bidii iliwekwa katika vitalu na miche, mingi ikiwa ya kigeni. Wananchi ndio waliowarudisha wataalamu kwenye ngitili, desturi ya Wasukuma ya kulifunga eneo la malisho mvua zinapoanza na kulifungua kiangazi kinapokaza. Lililofungwa lilichipua lenyewe. Mizizi ilikuwa hai chini ya ardhi, nayo ilisubiri tu kwato na moto viondoke. Ngitili zilizokuwa zinajulikana mwaka 1986 zilikuwa hekta 600 hivi. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000 katika vijiji 833, na ndani yake ikahesabiwa miti na vichaka vya aina 152. Mpingo ni mmojawapo.

Mpingo huchipua kutoka mizizini. Basi mahali penye kisiki au mzizi ulio hai ni bora kuliko mraba wowote uliopakwa rangi na kompyuta, kwani hapo mti wenyewe umekwisha kutoa jibu. Na anayejua kisiki kilipo ni nani? Ni mzee aliyechunga ng'ombe pale akiwa kijana. Ni mama aliyekata kuni. Kumbukumbu yao haina budi kuandikwa katika ramani kwa uzito ule ule unaopewa karatasi za Arusha, na iandikwe mapema, kwa maana wazee hawatungoji.

Tusidhani ni udadisi wa wasomi. Kusini mwa pwani yetu upo mti mrefu uitwao na wataalamu Karomia gigas. Ulidhaniwa umetoweka duniani, ukaonekana tena mwaka 1993, na hata leo miti yake huhesabika. Mwaka 2018 matunda yake kwa maelfu yalipelekwa bustani ya mimea ya Missouri, Marekani, ili yajaribiwe. Iliyoota ni miche makumi machache. Mwenye miche makumi machache hapandi kwa kubahatisha. Sisi tungali na mipingo ya kutosha kujifunza kabla hatujafikishwa huko.

Liko jambo la mwisho, nalo ndilo gumu. Ramani ya makazi huonyesha udongo na mvua, haionyeshi mwenye ardhi. Mraba ulio mwekundu, yaani unaoufaa mpingo, waweza kuwa ndipo mahali pekee ambapo mtu asiye na shamba hulisha mbuzi wake watatu. Ngitili nyingi za Shinyanga ni za watu binafsi, na mwenye ardhi kubwa ndiye afungaye eneo kubwa. Iwapo mpango wa kuurudisha mti utaletwa kijijini ukiwa umekwisha kuchorwa, maskini atalipa kwa malisho yake, na usiku atapitisha mbuzi wake humo humo. Nani atamlaumu? Huko Shinyanga ulinzi uliwezekana kwa sababu mkutano wa watu wenyewe, dagashida, ndio uliopanga mipaka na faini, na sungusungu wakausimamia.

Ukingoni mwa ziwa nako pana hadhari yake. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo, na wengi huona ukanda huo kuwa mahali rahisi pa kupandia miti, kwa kuwa hauna mgomvi. Lakini mwezi Mei 2020 ziwa lilipanda hata kukivuka kipeo cha 1964, likameza bustani na njia za watu. Ramani itakayochorwa kwa ukingo wa mwaka mmoja tu itapanda miti majini.

Kijiji cha Misungwi, Kwimba au Magu kinachotaka kuanza hakihitaji kungoja fedha nyingi. Wazee wawili wanaokumbuka, kijana mmoja mwenye simu inayoonyesha mahali alipo, na juma moja la kutembea kabla ya mvua. Kila kisiki kitiwe alama. Kila chipukizi litiwe alama. Na kando ya kila alama liandikwe jina la anayelima hapo, na la anayechunga hapo bila kulima.