Kazi Bila Upotevu: Swali la Kuuliza Kabla ya Kukubali



Katika viwanda na mashamba ya nchi zetu limeingia neno la Kijapani, kaizen. Maana yake ni kuboresha kazi kidogo kidogo kila siku. Ethiopia iliunda taasisi ya serikali ya kaizen mwaka 2011, na Tanzania ilianza kuipeleka viwandani kwa msaada wa Japani mwaka 2013. Wakubwa wa kazi wanapaka mistari sakafuni, wanabandika makaratasi ukutani, kisha wanatuita na kusema: "Toeni mawazo yenu." Wenzetu wengi wanatuuliza: tukubali au tukatae?

Kabla ya kujibu tueleze jambo tulilolishuhudia. Katika kiwanda kimoja, mwenzetu wa idara ya kufunga mizigo alisema kwamba meza ikisogezwa karibu na mashine, watu wawili watatosha kufanya kazi ya watatu. Wazo lilikuwa zuri. Meza ikasogezwa, naye akapigiwa makofi mkutanoni. Mwisho wa mwezi mtu wa tatu akapewa barua ya kupunguzwa kazini, na huyo mtu wa tatu alikuwa ni yeye mwenyewe. Tangu siku ile sanduku la maoni lilikaa tupu. Mwajiri akalalamika kuwa wafanyakazi hawana mawazo. Mawazo yalikuwapo, ila kila mtu alikuwa ameyafungia kifuani.

Sasa tuutazame utaratibu wenyewe. Ulijengwa katika kampuni ya magari ya Toyota, na injinia aliyeuongoza zaidi ni Taiichi Ohno. Yeye alihesabu aina saba za upotevu: kutengeneza kupita mahitaji, kungoja, kuhamisha vitu ovyo, kufanya kazi isiyo ya lazima, kulundika mali ghalani, kutembea na kuinama bure, na kutengeneza vitu vibovu. Angalia vizuri, ndugu. Katika orodha hiyo hakuna neno "watu".

Na hilo halikuja kwa huruma. Mwaka 1950 Toyota ilikaribia kufilisika, ikataka kupunguza watu. Wafanyakazi waligoma. Mwishowe zaidi ya watu 1,500 waliondoka, lakini mkuu wa kampuni, Kiichiro Toyoda, naye alijiuzulu. Baada ya hapo kampuni na chama walijenga maelewano kwamba waliobaki watakuwa na ajira ya kudumu. Juu ya msingi huo ndipo mawazo ya wafanyakazi yalipoanza kumiminika.

Mfano ulio wazi zaidi unatoka Marekani. Kampuni ya General Motors ilikuwa na kiwanda huko Fremont, jimbo la California. Kilikuwa na sifa mbaya: magomo, magari mabovu, na siku nyingine mtu mmoja kati ya watano hakufika kazini. Kilifungwa mwaka 1982. Mwaka 1984 kilifunguliwa tena kwa ubia wa General Motors na Toyota, kwa jina la NUMMI. Wengi wa walioajiriwa walikuwa watu wale wale wa zamani, wanachama wa chama cha wafanyakazi wa magari, UAW. Baada ya muda mfupi ubora wa magari yao ulikaribia ule wa Japani, na utoro ukapungua sana.

Watu walikuwa wale wale. Je, ni kitu gani kilichobadilika?

Kwanza, ajira ililindwa kwa maandishi. Mkataba ulisema kampuni haitapunguza watu isipokuwa ikibanwa na hali mbaya inayohatarisha uhai wake, na hata hapo itaanza kukata mishahara ya wakubwa na kurudisha ndani kazi zilizopewa makampuni ya nje. Mwaka 1988 mauzo yalishuka vibaya. Hakuna aliyeachishwa. Watu walipelekwa kwenye mafunzo na kupewa kazi za kurekebisha kiwanda.

Pili, mafunzo yalitangulia kazi. Mamia ya viongozi wa vikundi walipelekwa Japani kwa majuma kadhaa, wakafanya kazi bega kwa bega na wenzao wa huko.

Tatu, mfanyakazi alipewa madaraka ya kweli. Juu ya mstari wa kuunga magari kulikuwa na kamba. Aliyeona kosa aliivuta, kiongozi wa kikundi akaja mbio kusaidia, na tatizo lisipotatuliwa mstari ulisimama. Hakuna aliyegombezwa kwa kuvuta kamba.

Nne, wakubwa nao walibadilika. Walikula chakula mahali pamoja na wafanyakazi, na hawakuwa tena na maegesho yao peke yao.

General Motors ilijaribu kuhamishia utaratibu huo Van Nuys, katika jimbo lile lile. Haukushika. Wafanyakazi wengi waliuona kuwa ni njama ya kuvunja chama, na wakubwa wengi hawakutaka mtu wa chini asimamishe mstari. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 1992. Waliiga mambo ya nje wakaacha moyo wake.

Hatusemi kwamba NUMMI ilikuwa peponi. Kazi ilikuwa ya kasi, hata mtu alikuwa akishughulika karibu sekunde 57 katika kila dakika. Mwaka 1993, baada ya gari jipya kuletwa, wakaguzi wa jimbo walikikuta kiwanda na makosa juu ya kazi zilizoumiza mikono na migongo. Na mwaka 2010 kilifungwa, baada ya General Motors kujitoa mwaka uliotangulia. Kamba ya mstarini humpa mfanyakazi sauti juu ya kazi yake, lakini uamuzi wa kufunga kiwanda ulibaki mikononi mwa wenye mtaji.

Turudi kwetu. Mchuma chai anaujua upotevu kuliko meneja. Gari la majani likichelewa, majani hupata joto ndani ya gunia na kuharibika, kisha kiwandani yanakataliwa. Mchumaji anajua saa gani gari lingepaswa kuja, na njia ipi inateleza wakati wa mvua. Je, atasema? Atasema akijua kwamba saa zilizookolewa hazitageuzwa kuwa mzigo mkubwa zaidi mgongoni mwake, wala sababu ya kumwondoa jirani yake.

Basi jibu letu ni hili. Tusikubali wala tusikatae kabla ya kuuliza: mfanyakazi atakayeonyesha upotevu, kazi yake inalindwa na nini? Tawi la chama lidai yafuatayo yaandikwe katika mkataba na kutiwa sahihi:

1. Hakuna atakayepunguzwa kwa sababu ya wazo lililotolewa na wafanyakazi. Anayebaki bila kazi ahamishwe na kufundishwa kazi nyingine, mshahara wake usishuke.
2. Mafunzo yafanyike saa za kazi, kwa malipo.
3. Mfanyakazi awe na haki ya kusimamisha kazi akiona hatari au kosa, bila kuadhibiwa.
4. Kasi ya kazi isiongezwe bila kukubaliana na chama.
5. Sehemu ya faida iliyopatikana irudi kwa waliotoa jasho na mawazo.

Mwajiri akikataa hata la kwanza, tutajua kwamba upotevu anaotaka kuuondoa ni sisi. Akikubali, tusiwe wavivu wa kufikiri, kwani kazi nzuri ni heshima yetu pia.

Lijadilini hili katika mikutano ya matawi kabla wakubwa hawajaja na makaratasi yao.

Umoja ni nguvu.