HAKI HUANZA MTONI: Hotuba ya Wangari Maathai na Vikundi Vyetu



Wengi wetu tukisikia "haki za binadamu" tunafikiria korti, polisi na wakili. Lakini mama akitembea mwendo wa saa mbili kutafuta maji, hayo pia ni mambo ya haki. Profesa Wangari Maathai alilieleza jambo hili vizuri huko Oslo, Norway, tarehe 10 Desemba 2004, alipopokea Tuzo ya Amani ya Nobel. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Tarehe hiyo ndiyo Siku ya Haki za Binadamu, kwa sababu Umoja wa Mataifa ulipitisha Tangazo la Haki za Binadamu tarehe 10 Desemba 1948.

Tuiangalie hotuba yake ilivyojengwa, maana sisi nasi huenda barazani kudai haki, na mara nyingi tunarudi bila jibu.

Alianza na shida inayoonekana
Alisema kwamba mwaka 1977, kazi ya Green Belt ilipoanza, wanawake wa mashambani walikosa kuni, maji safi, chakula bora, makao na pato. Hayo hata mtoto anayaelewa.

Alitafuta chanzo
Hakulaumu serikali peke yake. Alieleza jinsi watu walivyofundishwa kuona uhusiano kati ya matendo yao wenyewe na shida zao. Kisha akasema ukweli mwingine: bila uongozi mwema na uhuru wa kusema, mazingira hayawezi kutunzwa. Kwa hivyo mti ule ule wa kuni ukawa alama ya kudai demokrasia, halafu alama ya amani kati ya makabila yaliyogombana. Sisi wa Kitale na Bungoma, tuliopitia mapigano ya miaka ya mwanzo ya 1990, tunajua uzito wa neno hilo.

Alionyesha kazi iliyofanyika
Miti zaidi ya milioni 30 ilikuwa imepandwa. Mikono ilitangulia, mdomo ukafuata. Ndiyo maana alipodai mabadiliko kwa serikali na kampuni kubwa, hakuna aliyeweza kusema ni maneno matupu.

Alimaliza na picha moja
Alikumbuka kijito cha utotoni, alipocheza kati ya majani ya nduma akijaribu kuokota mayai ya chura akidhani ni shanga. Baadaye aliona viluwiluwi wengi majini. Akasema kijito hicho kimekauka, na kazi yetu ni kuwarudishia watoto uzuri ule.  Kila msikilizaji anaweza kukumbuka mto wa kwao, na mtu hawezi kubishana na mto aliouona mwenyewe.

Sisi je?
Tuseme chemchemi yenu chini ya Mlima Elgon au vilima vya Cherangany inakauka. Mkienda kwa chifu au kwa mwakilishi wa wadi, msianze na "tunataka haki zetu". Semeni ni nyumba ngapi zinateka maji hapo, na akina mama sasa wanaenda wapi. Semeni chanzo, hata kama ni mikaratusi tuliyopanda wenyewe karibu na maji. Semeni mmefanya nini tayari. Ndipo mtaje sheria: Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na kifungu cha 37 kinaturuhusu kupeleka malalamiko yetu kwa amani. Mwisho, ombeni jambo moja lililo wazi, na mtaje siku mtakayorudi kusikia jibu. Ombi la namna hiyo ni vigumu kulipuuza.

Maswali ya kujadiliana
1. Ni shida gani moja kijijini inayogusa haki zetu?
2. Sisi wenyewe tunachangia vipi shida hiyo?
3. Tutaanza kazi gani kabla ya kwenda barazani, na nani atasema kwa niaba yetu?